Joto linapoua kwa baridi: funzo la mierezi ya Alaska

Kila mjadala wa mabadiliko ya tabianchi unapozuka barazani, hakosi mtu wa kuuliza: "Sawa, sisi wa huku joto litatuumiza, maana tunalo la kutosha. Lakini wale wa nchi za barafu si watashukuru? Miti yao si itanawiri?"

Swali hilo si la kipuuzi. Mti unahitaji joto ili ukue. Huko kaskazini ya mbali mti hulala karibu nusu ya mwaka bila kuongeza hata ukucha wa urefu. Ukimpunguzia mtu adhabu, atafurahi. Kwa nini mti usifurahi kupunguziwa baridi?

Jibu, ndugu msomaji, ni kwamba baadhi ya miti hiyo itanawiri kweli, lakini mingine mingi imeshakufa. Na la kushangaza ni kuwa miongoni mwa iliyokufa, ipo iliyouawa na baridi yenyewe. Sijakosea kuandika. Majira ya baridi yamepungua makali, na mti ukafa kwa kugandishwa. Leo nataka tukielewe kisa hicho hatua kwa hatua, kwani ndani yake mna somo kwa kila anayepanda mti, awe Alaska au awe Gazi kwetu Kwale.

Mti wa baridi na kalenda yake

Tuanze na misitu yenyewe. Kuna ukanda mkubwa wa miti unaoizunguka dunia upande wa juu kama kilemba: unaanzia Alaska, unapita Kanada, unavuka kwenda Norwei, Uswidi na Finland, kisha unaenea Urusi yote hadi mwisho wa Siberia. Wataalamu huuita taiga. Karibu theluthi moja ya misitu yote ya dunia imo katika ukanda huo. Mingi ni misonobari na jamaa zake, miti yenye majani membamba kama sindano.

Katika sehemu nyingi za ukanda huo baridi hufika nyuzi 40 chini ya sufuri. Sasa jiulize, mti unaishi vipi hapo? Ukisahau chupa ya soda ndani ya friza usiku kucha, asubuhi utaikuta imepasuka, kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Mti nao umejaa maji kila mahali, katika mizizi, katika shina na katika majani. Hauna koti wala jiko la makaa.

Mti huo huokolewa na maandalizi. Kiangazi cha huko kinapokaribia kwisha na siku kuanza kuwa fupi, mti hupokea ishara. Huacha kurefuka. Hufunga vichipukizi vyake kwa magamba magumu. Taratibu huyahamisha maji kutoka ndani ya seli zilizo hai na kuyapeleka kwenye nafasi zilizo nje ya seli, ambako yakiganda hayatapasua kitu muhimu. Ndani ya seli hubaki umajimaji mzito wenye sukari nyingi, ambao haugandi upesi. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Ikikamilika, mti uleule ambao mwezi wa Julai ungeuawa na ubaridi wa nyuzi chache tu chini ya sufuri, mwezi wa Januari unastahimili nyuzi 40 chini ya sufuri bila kutetereka.

Joto linaporudi, mti huyavua maandalizi hayo. Hurudisha maji kwenye seli, hufungua vichipukizi, huanza kazi. Kuanzia hapo hauna tena kinga. Baridi ikirudi ghafla wakati huo, hata iwe ndogo, inaukuta uchi.

Ndiyo maana miti mingi ya huko ina tahadhari nyingine: huhesabu siku za baridi. Haikubali kuamka mpaka ihakikishe kuwa imepitia baridi ya kutosha, ili wiki moja ya joto la kubahatisha katikati ya Januari isiihadae. Jambo hili si geni kabisa kwetu. Hata mwembe huchanua vizuri baada ya kupitia kipindi cha ubaridi na ukavu, na mkulima wa Pwani anajua kuwa mwaka ambao majira yamevurugika, maembe nayo huvurugika. Mti husoma majira. Majira yakianza kusema uongo, mti hauna wa kumuuliza.

Mwerezi uliovuliwa blanketi

Sasa twende kusini-mashariki mwa Alaska, ile mbavu ya visiwa na milima inayoteremka kando ya bahari ya Pasifiki kupakana na Kanada. Huko kuna mti ambao wenyeji huuita mwerezi wa manjano kwa sababu ya rangi ya mbao zake, ingawa kwa ukoo uko karibu zaidi na saiprasi, jamii ileile inayotuletea mbao za dari kutoka bara. Ni mti wa subira. Hukua polepole sana, na ipo iliyoishi zaidi ya miaka 1,000. Mbao zake haziozi upesi wala haziliwi ovyo na wadudu. Watu wa asili wa huko, kama Watlingit na Wahaida, kwa karne nyingi wamechonga makasia kwa mbao zake na kutumia nyuzi za gome lake katika ufumaji wa mablanketi yao ya heshima.

Mti huu ulianza kufa. Si mmojammoja kwa uzee, bali mlima kwa mlima. Ukipita baharini karibu na Sitka unaona miteremko iliyojaa vigogo vyeupe vilivyosimama wima kama mifupa. Kwa kuwa mbao hizo haziozi, mti uliokufa unaweza kusimama miaka 80 au zaidi kabla ya kuanguka, hivyo vifo vya karibu karne nzima vinaonekana kwa mtazamo mmoja. Eneo lililopatwa kusini-mashariki mwa Alaska peke yake linazidi hekta 200,000, na ugonjwa umevuka hadi upande wa Kanada.

Nimesema ugonjwa kwa sababu hivyo ndivyo ilivyodhaniwa. Tangu miaka ya 1980 mtafiti wa magonjwa ya miti aitwaye Paul Hennon, wa Idara ya Misitu ya Marekani, pamoja na wenzake, walimtafuta muuaji. Walishuku kuvu. Walishuku wadudu. Walimshuku hata dubu, ambaye kweli huichuna miti hii magome. Mshukiwa mmoja baada ya mwingine aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Kilichojulikana ni kwamba kifo kilianzia chini: vijizizi vidogo hufa kwanza, kisha mizizi mikubwa, halafu majani hugeuka rangi, mwisho shina lote.

Fumbo lilianza kufumbuka walipotazama ni wapi miti inakufa na wapi haifi. Ile ya chini, karibu na bahari ambako kuna joto zaidi, ndiyo iliyokuwa ikifa. Ile ya juu milimani, kwenye baridi zaidi, ilikuwa salama. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ilikuwa theluji. Juu, theluji inalala ardhini mpaka majira ya machipuko yamekolea. Chini, theluji imekuwa haba au inayeyuka mapema.

Hapa ndipo inabidi tubadilishe fikra zetu kuhusu theluji. Sisi tunaiona kama baridi yenyewe. Kwa mzizi ulio ardhini, theluji ni godoro la sufi. Kinacholifanya godoro la sufi liwe na joto si sufi yenyewe bali hewa iliyonaswa ndani yake, na theluji iliyorundikana nayo imejaa hewa. Juu yake upepo unaweza kuwa unakata kama wembe, lakini chini yake udongo unabaki karibu na nyuzi sufuri tu.

Mwerezi huu unalihitaji godoro hilo kuliko jirani zake, kwa sababu mbili. Kwanza, hupenda kuota kwenye udongo wenye maji mengi, ambako mizizi haiwezi kwenda chini kwa kukosa hewa, hivyo hutandaa juujuu. Pili, ni mti wa kuamka mapema. Mwisho wa majira ya baridi, joto kidogo tu likijitokeza, mizizi yake huvua kinga na kuanza kunyonya chakula kabla miti mingine haijafumbua macho. Kwa karne nyingi tabia hiyo ilikuwa ni werevu. Anayewahi sokoni hupata samaki mzuri.

Lakini werevu huo ulitegemea kitu ambacho mti haukukitengeneza wenyewe. Mwezi wa Machi na Aprili baridi kali bado hushuka ghafla kutoka bara la ndani. Zamani ilikuwa ikitua juu ya theluji, nayo mizizi imelala chini salama. Siku hizi inatua juu ya udongo mtupu. Majaribio yameonyesha kuwa mizizi hiyo iliyokwisha kuamka huanza kufa udongo unapofika nyuzi 5 hivi chini ya sufuri. Usiku mmoja au siku mbili za namna hiyo zinatosha. Mti utaonekana mzima mwaka huo, na pengine miaka mingine kadhaa, lakini hukumu imeshapita.

Na kwa nini theluji imepungua? Kwa sababu majira ya baridi katika pwani hiyo yako karibu sana na nyuzi sufuri. Mahali palipo na nyuzi 30 chini ya sufuri, ukiongeza nyuzi mbili za joto theluji hubaki theluji. Mahali palipo na sufuri, nyuzi mbili hizohizo huigeuza theluji kuwa mvua. Kiasi cha maji kutoka mbinguni ni kilekile, ila kimebadilika umbo, na badiliko hilo la umbo limetosha kuua mti wa miaka mia kadhaa.

Kwa ajili ya haki, niongeze kuwa vifo hivi vilianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati sehemu hizo zilipokuwa zikitoka katika kipindi cha baridi kali kilichodumu karne kadhaa. Viliongezeka sana katika miaka ya 1970 na 1980. Kwa hivyo si kila mwerezi mmoja uliokufa unaweza kuubandikia moshi wa viwanda. Lakini njia ya kifo ni ileile, na joto tunaloliongeza sisi wanadamu linazidi kuipandisha mlimani. Muhtasari wa utafiti huo wote ulichapishwa mwaka 2012 katika jarida la BioScience, na tangu hapo umekuwa mfano mmojawapo ulio wazi wa jinsi joto linavyoweza kuua kwa mkono wa baridi.

Mdudu aliyekuwa akizuiwa na baridi

Tukivuka kuingia ndani ya Kanada, jimbo la British Columbia, tunakuta kisa cha pili. Hapa baridi haikuwa muuaji. Ilikuwa askari wa zamu, akaondoka.

Kuna mdudu mweusi, mdogo kama punje ya mchele, mwenye mbawa ngumu kama dumuzi anayetoboa mahindi yetu ghalani. Huyu chakula chake ni msonobari. Hutoboa gome, huchimba vijia chini yake na kutaga mayai humo. Mabuu yakitoka hula ile tabaka laini inayopitisha chakula cha mti. Isitoshe, mdudu huja na kuvu mwilini mwake, na kuvu hiyo huziba njia za maji na kuacha mbao na rangi ya buluu. Msonobari mmoja mzima unaweza kujitetea kwa kumzamisha mvamizi ndani ya utomvu. Wakija maelfu kwa pamoja, na mti umedhoofishwa na ukame, utomvu hautoshi.

Mdudu huyu si mgeni. Ameishi na misonobari hiyo miaka na miaka, kwa kiasi. Kilichomweka katika kiasi ni majira ya baridi. Mabuu yake hujikinga kwa kujaza mwilini glisarini, kitu kilekile tunachonunua dukani kupaka ngozi, ambayo huzuia maji ya mwili yasigande. Kinga hiyo ni nzuri lakini ina mpaka wake. Baridi ikifika karibu nyuzi 40 chini ya sufuri na kudumu siku kadhaa, mabuu mengi hufa. Ikija mapema zaidi, kabla hayajajiandaa, hata baridi ndogo kuliko hiyo huyamaliza.

Baridi za namna hiyo zilianza kuwa nadra. Kiangazi nacho kikawa kirefu na chenye joto, kiasi kwamba milimani, ambako mdudu alihitaji miaka miwili kukamilisha kizazi kimoja, sasa alimaliza kwa mwaka mmoja. Kukawa na jambo jingine lililochangia, nalo ni la binadamu moja kwa moja: kwa miongo mingi mioto ya misitu ilizimwa upesi, hivyo misonobari mizee, ambayo ndiyo mdudu anaipenda, ilirundikana kuliko kawaida. Chakula kipo, askari hayupo.

Kuanzia miaka ya 1990 mlipuko ule ulienea katika hekta zipatazo milioni 18 za jimbo hilo. Ili upate picha, eneo hilo linazidi mara mbili ya uliokuwa Mkoa wetu wa Pwani wote, tangu Lunga Lunga hadi Kiunga, Tana River na Taita Taveta zikiwemo. Zaidi ya nusu ya misonobari ya biashara katika jimbo zima ilikufa. Milima ya kijani iligeuka myekundu, kisha ya kijivu. Viwanda vya mbao vilipata kazi nyingi kwa muda, kuwahi miti kabla haijapasuka na kuharibika, halafu vingi vikafunga milango kwa kukosa magogo, na miji midogo iliyoishi kwa msumeno ikabaki inatazamana. Mwaka 2006 makundi makubwa ya wadudu hao yalibebwa na upepo juu ya safu ya milima ya Rocky hadi jimbo la Alberta.

Kuna wanaofaidika

Nilisema mwanzoni kuwa miti mingine itanawiri, na ni uadilifu kuieleza. Kaskazini kabisa, ambako msitu unakoma na kuanza nyika ya majani mafupi na kuvumwani iitwayo tundra, kipo kikomo ambacho mti haukuweza kukivuka kwa sababu ya baridi. Kikomo hicho sasa kinasogea katika baadhi ya sehemu. Kaskazini mwa Alaska, ng'ambo ya milima ya Brooks, watafiti wamekuta miti michanga ikiota katika ardhi iliyokuwa ya tundra. Na zipo sehemu nyingi zenye maji ya kutosha ambako miti inarefuka haraka kuliko zamani.

Basi si tumelipwa? Tumepoteza huku, tumepata kule?

Hesabu haikai hivyo, kwa sababu mti hauhami. Kinachohama ni mbegu, kizazi baada ya kizazi, na msitu hujengwa kwa karne. Joto nalo linakwenda kwa mwendo wake: eneo la kaskazini ya mbali limepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979. Tarehe 20 Juni 2020 mji wa Verkhoyansk huko Siberia, ambao ni miongoni mwa miji yenye baridi kali zaidi duniani, ulipimwa nyuzi 38 za joto. Hiyo ni hali ambayo Mombasa yenyewe tungeilalamikia. Kufa kunachukua miaka michache. Kuota msitu mpya kunachukua maisha ya watu kadhaa.

Pia ardhi yenyewe inabadilika. Sehemu kubwa ya Siberia, Alaska na Kanada ina udongo ulioganda daima chini ya ule wa juu. Miti imeota juu ya msingi huo wa barafu. Msingi ukiyeyuka, ardhi hutitia, na utaona msitu mzima umeinama, huu kulia na huu kushoto, kama walevi wanaotoka kilabuni.

Kisha kuna moto. Msitu wenye miti mikavu na kiangazi kirefu unahitaji radi moja tu. Mwaka 2023 Kanada iliunguza zaidi ya hekta milioni 15, kiasi ambacho hakikuwahi kurekodiwa nchini humo. Hiyo ni kama robo ya Kenya nzima. Mwezi wa Juni moshi wake ulifika New York, mamia ya kilomita kutoka kwenye moto, na anga la mji ule likawa na rangi ya machungwa mchana kweupe.

Sisi yatuhusu nini?

Sasa mtu aliyekaa Likoni akisubiri feri atauliza, haya ya misonobari na theluji yanamhusu nini.

Yanamhusu kwanza kwa njia ya hewa. Mti hunywa hewa ya kaboni na kuifungia ndani ya mbao zake. Misitu ya kaskazini pamoja na udongo wake ni mojawapo ya maghala makubwa kabisa ya kaboni duniani. Mti ukiungua au ukioza, ghala linafunguka. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Werner Kurz walionyesha katika jarida la Nature kuwa msitu ule wa British Columbia, uliokuwa ukiweka akiba ya kaboni, ulikuwa umegeuka kutoa zaidi ya unavyopokea. Hewa haina mpaka wala pasipoti. Kaboni iliyotoka kule ndiyo hiyohiyo inayoongeza joto la Bahari Hindi, na joto la bahari yetu ndilo linaloamua kama mvua za vuli zitakuja kwa kiasi au zitabomoa madaraja.

Yanatuhusu pili kwa sababu sisi wenyewe tumeingia katika biashara hiyo ya akiba. Wenzetu wa Gazi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kwa zaidi ya miaka kumi wamelinda mikoko na kuuza kaboni inayofungiwa humo, na mapato yamesaidia maji na shule za vijiji vyao. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini kisa cha Kanada kinatukumbusha kuwa akiba iliyo ndani ya mti ni ya kulindwa kila siku, si ya kuhesabiwa mara moja na kusahauliwa. Mti ukifa, akiba imeondoka.

Wala tusidhani kuwa mti wetu hauwezi kufa kwa njia ya kushangaza kama ule mwerezi. Waulize wazee wanaoijua hori ya Mwache, hapa Mombasa. Baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, mikoko mingi ilikauka pale. Mkoko, mti wa maji, umeuawa na mvua? Haikuwa mvua yenyewe. Ilikuwa tope lililoteremshwa na mto kutoka mashamba ya juu na kuifunika mizizi ile ya mikoko inayovuta hewa, mpaka mti ukakosa pumzi. Kule Alaska mizizi ilivuliwa blanketi. Hapa kwetu ilifunikwa blanketi zito. Katika visa vyote viwili, aliyetazama majani peke yake asingejua kitu mpaka muda umepita.

Tatu, nchi yetu iko katika kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko kwa ajili hiyo. Nia ni njema na miche mingi imetiwa ardhini. Lakini hesabu ya miche iliyopandwa haiwezi kutuambia tutakuwa na miti mingapi. Mierezi ya Alaska haikukosa kupandwa. Ilikuwepo, ilikuwa na afya, ilikuwa na miaka mia kadhaa, na bado ikafa kwa sababu kitu kimoja kilichokuwa kikiilinda kiliondoka bila mtu kukitambua kuwa ni kinga.

Kwa hivyo kila tunapogawiwa miche, shuleni, msikitini au kwenye kikundi cha akina mama, kuna maswali matatu ambayo ni haki yetu kumuuliza bwana misitu. Mti huu unategemea nini ili uishi hapa: maji ya kiasi gani, udongo upi, kivuli kipi? Je, kitu hicho bado kitakuwepo hapa miaka 30 ijayo, mvua zikiendelea kuyumba hivi? Na nani atakayeurudia mti huu baada ya picha kupigwa, kuutazama hadi chini kwenye mizizi?

Huko Alaska wataalamu wameshaanza kujibu maswali yao. Hawajaribu kuirudisha theluji, maana hilo halimo katika uwezo wa idara yoyote. Wamechora ramani za mahali ambapo theluji inatarajiwa kudumu, na huko ndiko wanakotaka mierezi iliyopo ilindwe. Wameijaribu pia kwenye udongo usiotuama maji, ambako mizizi inaweza kwenda chini zaidi ya jalidi. Na ile iliyokwisha kufa wanashauri ivunwe badala ya mibichi, kwa kuwa mbao zake hubaki imara miongo mingi baada ya mti kufa. Hayo hayataurudisha msitu wa zamani. Yataupa ule uliobaki mahali pa kuishi, na hiyo ni zaidi ya walivyoweza kuufanyia miaka yote ambayo walikuwa bado wanamsingizia dubu.